Bastola iliyokaa na risasi muda mrefu: kusoma dalili na kupata chanzo

Kila masika ikikatika, kuelekea mwisho wa Mei, wateja wangu hapa Tanga huanza kuleta bastola. Hazijavunjika. Zimekaa tu. Mwenyewe alihangaikia leseni mpaka akaipata, akanunua, akaenda uwanja wa shabaha mara moja akapiga risasi chache, kisha akajaza magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), akaiweka kwenye sefu na kufunga. Umepita mwaka, au mitatu. Siku anatafuta hati ya kiwanja, anaigusa bastola, vidole vinatoka na unga mwekundu. Hapo simu yangu inaita: "Fundi, hebu niangalizie hiki chuma, nadhani springi imekufa."

Springi. Karibu kila mtu anaanzia hapo, kwa sababu ameambiwa kwamba magazini ikikaa imejaa, springi inachoka. Nitaifikia huko chini. Ila katika bastola nilizofungua, zilizoharibiwa na kule kukaa na risasi ni chache mno. Nyingi zimeharibiwa na unyevu, jasho la mikono, mafuta yasiyofaa na kifuko cha ngozi. Nyingine zimeharibiwa na mwenyewe, anayeikoki jioni, yaani kupandisha risasi tayari kwa kupigwa, na kuitoa risasi asubuhi akidhani anaitunza. Kwa hiyo hapa naanza na kile unachokiona au kukisikia, halafu turudi nyuma mpaka kwenye chanzo.

Kabla hujagusa kitu

Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Toa magazini kwanza. Halafu ndipo uvute slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), risasi iliyomo kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu, itoke, uizuie slaidi nyuma, utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole kidogo. Mpangilio huo usiubadili hata siku moja. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja itatoka, na slaidi ikirudi itabeba nyingine. Utachomoa magazini ukiamini bastola ni tupu, kumbe imebeba. Na bastola nyingi, za Glock zikiwemo, zinakulazimu uvute triga kabla ya kuvua slaidi kwa ajili ya kusafisha. Unaona hatari ilipo.

Risasi zote zihamishwe chumba kingine kabla hujaanza kufungua. Si kwenye meza hiyo hiyo, wala kwenye mfuko wa shati. Watoto wawe wamelala au hawapo.

Madoa ya kahawia na unga mwekundu

Hili ndilo tatizo la pwani, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi aliniletea bastola aina ya CZ 75 iliyofungwa ndani ya taulo. Alipoifungua mezani kwangu nilisikia harufu ya ngozi iliyovunda kabla sijaiona bastola. Ilikuwa imekaa kwenye kifuko chake cha ngozi miezi kumi na minne. Upande wa kushoto wa slaidi, pale palipolalia ngozi, kulikuwa na kutu iliyofuata mstari wa ushonaji wa kifuko, nukta baada ya nukta. Upande wa kulia ulikuwa karibu safi, isipokuwa sehemu moja nyuma ambapo kutu ilikuwa imechora kidole gumba. Si doa tu. Mistari ya kidole ilionekana, ungeweza kuihesabu. Huyu bwana aliishika siku ile ya mwisho kwa mkono wenye jasho, akaifunga, na jasho lake likafanya kazi miezi yote hiyo.

Kutu husomeka hivyo. Mahali ilipo na umbo lake vinakuambia imetoka wapi.

Ikiwa na umbo la vidole, chanzo ni jasho. Jasho lina chumvi, chumvi huvuta unyevu hewani na kuushikilia juu ya chuma, na huku kwetu hewa ya baharini inaongeza chumvi yake. Dawa ni kitambaa chenye mafuta kidogo: kila ukiishika, unaifuta chuma chote kabla hujaifunga, na sehemu ya mwisho unaishika kwa kitambaa hicho hicho.

Ikiwa upande mmoja tu, au mahali palipogusana na kitu, chanzo ni kile kitu. Ngozi hutengenezwa kwa dawa zinazoacha chumvi na asidi ndani yake, na yenyewe hunyonya unyevu kama sifongo. Sifongo la kwenye masanduku ya plastiki yanayouzwa na bastola lina tabia hiyo hiyo. Kifuko cha ngozi ni cha kuvaa, si cha kuhifadhia. Masanduku hayo pia ni ya kusafirishia.

Ikiwa imetandaa nyembamba kila mahali, basi hewa ya ndani ya sefu ndiyo yenye maji. Mara nyingi sefu imejengewa kwenye ukuta wa zege unaotoa unyevu. Ya yule mfanyabiashara ilikuwa ukutani, na nilipomuuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Bafu."

Ikiwa ni nukta nukta kama matone, fikiria kiyoyozi. Bastola iliyolala kwenye chumba chenye baridi ikitolewa ghafla nje kwenye joto, hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Maji hayo huingia mpaka ndani ya mtutu na kwenye magazini. Ukiirudisha sefuni ikiwa hivyo, umeyafungia ndani. Iache ipate joto la chumba, uifute, ndipo uifunge.

Na ikiwa nje ni safi ila ndani ya mtutu kuna kutu, ilipigwa na haikusafishwa. Hapa kuna jambo ambalo wenye bastola za zamani, hasa Tokarev, wanapaswa kulijua. Baadhi ya risasi kuukuu za kijeshi zina fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kupigwa. Chumvi ile haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Ukipitisha mafuta peke yake umeifunika tu, nayo inaendelea kula chini kwa chini. Osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe kabisa, halafu ndipo upake mafuta.

Tiba ya kutu nyepesi ni mafuta ya silaha yaliyoachwa yalowe kwa saa kadhaa, kisha kusugua taratibu kwa pamba chuma laini ya daraja 0000, bila haraka na bila kukandamiza. Usitumie msasa. Msasa unaondoa rangi ya chuma, na rangi ile ndiyo kinga yake ya kwanza. Ukimaliza kusugua na ukucha bado unakwama kwenye vishimo, kutu imeshakula chuma. Kwenye uso wa slaidi hilo ni doa la sura. Kwenye chemba au ndani ya mtutu si la kujitibia nyumbani: ganda la risasi litakwama, na fundi lazima apime kama chemba bado inafaa.

Kinga ya sefu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kile chenye kioo cha namba, ukiweke ndani. Hewa ya nje hapa Tanga mara nyingi hupita asilimia 75. Ndani ya sefu unataka chini ya 50. Silika jeli inatosha kwa sefu ndogo, lakini si vile vijifuko ulivyovikuta kwenye boksi la viatu, ambavyo vilishashiba zamani. Tafuta ile ya punje zinazobadilika rangi, kwa mfano ya machungwa ambayo hugeuka kijani ikishashiba. Ikigeuka, itandaze kwenye sinia uiweke kwenye oveni kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi rangi yake, uirudishe kazini. Watu wanaitupa bure.

Na usiifunge bastola ndani ya mfuko wa nailoni ukidhani unazuia unyevu. Unyevu uliokuwamo wakati wa kufunga hautoki tena.

Slaidi nzito, inarudi kwa kusitasita

Ivute nyuma pole pole, iachie. Ikirudi kwa kishindo kimoja, hakuna tatizo. Ikirudi kwa kuburura, au ukalazimika kuisukuma kwa kiganja milimita chache za mwisho, mafuta yameganda.

Nimekuta mafuta ya nazi. Nimekuta ya alizeti, na siku moja mafuta ya mgando ya gari yaliyopakwa kama siagi kwenye mkate. Mafuta ya kula yakikaa na hewa hugeuka utomvu, na utomvu hushika vumbi. Hata ule mnyunyizo maarufu wa WD-40, ambao ulibuniwa 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, haukukusudiwa kuwa mafuta ya kukaa mwaka mzima ndani ya silaha. Kwa kukausha bastola iliyoloa ni sawa, ila baada yake ufute na upake mafuta ya silaha yenyewe.

Ukiiacha hali hiyo na kwenda nayo uwanjani, utaona ganda limesimama wima mlangoni mwa slaidi kama bomba la moshi. Wengi hulaumu risasi. Slaidi imekosa kasi tu, kwa sababu inavuta utomvu. Safisha kwa dawa ya kuyeyusha, kausha, weka tone moja moja kwenye reli za slaidi na tone moja juu ya mtutu pale unapong'aa kwa msuguano. Zaidi ya hapo unatafuta tatizo la sehemu inayofuata.

Triga imevutwa, mlio haukutoka

Hili likikukuta uwanjani, usiigeuze bastola kuitazama. Iache ielekee kwenye shabaha, hesabu mpaka sekunde 30. Fataki inaweza kuchelewa, na risasi ikatoka wakati wewe unachungulia. Baada ya hapo toa magazini, toa risasi, uiweke kando ya nyingine, utazame kitako chake.

Kile kitako ndicho shahidi. Katikati ya fataki panapaswa kuwa na shimo la pini. Lisome hivi.

Shimo likiwa la kina, lenye umbo zuri, bastola ilifanya kazi yake, fataki ndiyo imekufa. Chanzo nilichokutana nacho mara nyingi ni mafuta. Mtu amejaza mafuta kwenye slaidi, akaisimamisha bastola sefuni, mafuta yakateremka polepole mpaka kwenye magazini na kuloweka risasi ya juu, halafu ya pili. Mafuta mepesi ya kupenyeza hupenya hata pembeni mwa fataki. Ndiyo maana nasema tone moja moja, na ndiyo maana risasi zinashikwa kwa mikono mikavu na kuingizwa kwenye magazini kavu. Magazini haipakwi mafuta ndani. Ukitaka kuilinda, paka nje, kisha ufute mpaka ibaki kama imekauka.

Shimo likiwa dogo, kama limeguswa tu, pini haikupiga kwa nguvu. Hapo tatizo ni la bastola. Katika bastola zisizo na nyundo ya nje, tazama njia ya pini ndani ya slaidi. Njia ile inatakiwa iwe kavu kabisa. Mtu akidondoshea mafuta mle, yanachanganyika na masizi na vumbi la shaba, yanakuwa tope, na pini inasafiri kana kwamba inapita kwenye uji. Katika bastola zenye nyundo, chanzo kinaweza kuwa springi ya nyundo iliyolegea au kubadilishwa na fundi aliyetaka kulainisha triga. Na kuna jambo la tatu ambalo halihusu pini: slaidi haikufunga sawasawa kwa utomvu ule niliousema, hivyo nguvu ya pigo ikaishia kuisukuma risasi mbele.

Lipo pia ambalo wengi hawalijui. Risasi iliyokokiwa na kutolewa mara nyingi sana, kila mara kitako chake kikigongwa na chuma, inaweza kupoteza unga wa fataki kutoka mahali pake. Kwa nje ni nzima kabisa. Ndani imekufa. Tabia inayoleta hilo ndiyo inayoleta tatizo linalofuata, ambalo ni baya zaidi.

Risasi ya juu imekuwa fupi

Yule mfanyabiashara wa CZ, kabla ya ile miezi kumi na minne ya kuisahau, alikuwa na utaratibu. Jioni akifunga duka na kubeba mauzo, anakoki. Akifika nyumbani anaitoa risasi, anairudisha juu kabisa ya magazini, anafunga. Kesho yake tena. Risasi ile ile, kwa miezi mingi. Aliniambia hilo kwa fahari, kama mtu makini, na kweli nia yake ilikuwa njema.

Nilichukua risasi ile nikaisimamisha mezani kando ya nyingine kutoka kwenye boksi. Hukuhitaji kipimo. Kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda kama kobe aliyeshtuka. Nilipopima, nyingine za boksi lile zilikuwa na urefu wa milimita 29.4, hii ilikuwa 28.6. Urefu wa juu kabisa wa risasi ya aina hii, 9 mm Parabellum, ni milimita 29.69, na kiwanda kinaweza kuifanya fupi kidogo kuliko hapo kulingana na umbo la kichwa. Kwa hiyo namba peke yake haikuambii kitu mpaka uilinganishe na dada zake wa boksi moja. Tofauti ya milimita 0.8 kwa dada hao ni kubwa.

Kinachotokea ni hiki. Kila unapokoki, slaidi inaichukua risasi kwa nguvu na kuibamiza kwenye mteremko wa kuingilia chemba. Kichwa kimeshikwa na mdomo wa ganda tu, na kila kipigo kinakisukuma ndani kidogo. Nafasi ya baruti inapungua. Baruti ile ile ikiwaka kwenye nafasi ndogo, shinikizo linapanda haraka, na risasi ya 9 mm tayari hufanya kazi karibu na kiwango kikubwa: viwango vya Ulaya vinaruhusu shinikizo la mpaka baa 2,350. Ikipita, ganda linaweza kupasuka, magazini ikafyatuka chini, au bastola yenyewe ikavunjika mkononi mwa mwenyewe. Na hiyo ndiyo risasi ya kwanza anayoitegemea siku ya shida.

Tiba yake haipo. Risasi iliyozama haivutwi kwa koleo kuirudisha, wala haipigwi "tuimalize uwanjani". Inatengwa, inawekwa alama, inakabidhiwa kwa muuzaji mwenye leseni au polisi. Usiitupe chooni wala kwenye taka, na usiivunje kuitoa baruti.

Kinga ni kuacha kukoki na kutoa kila siku. Kama lazima uitoe, weka nukta ya kalamu ya wino wa kudumu ubavuni mwa ganda. Nukta ya pili ikifika, risasi hiyo haipandi tena chemba ya kujilinda, inakwenda chini ya magazini na kupigwa zoezi lijalo, ilimradi ukiilinganisha bado ina urefu wa wenzake. Risasi hununuliwa kwa kibali na kwa idadi, najua, ndiyo maana watu huibana moja kwa muda mrefu. Basi ni heri uikoki mara chache kuliko kuibana ile moja.

Risasi haipandi, au slaidi haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho

Sasa springi.

Springi iliyotengenezwa vizuri, ikibanwa ndani ya kiwango ilichoundiwa na kuachwa hapo, hupoteza nguvu kidogo sana. Mpya hufupika kidogo siku za mwanzo kisha hutulia. Watu wakipima urefu wake baada ya wiki moja hushtuka bure. Kinachochosha springi ni kubanwa na kuachiwa mara maelfu, kutu, na kujazwa kupita kiasi, pale mtu anapolazimisha risasi moja zaidi kwa kugonga magazini mezani. Kwa hiyo ule ushauri wa kuitoa risasi kila wiki ili "kupumzisha springi" unaongeza kile kile kinachoichosha, na unazipaka risasi jasho juu yake. Mimi huwaambia wateja: acha imejaa. Kwa magazini zinazobana sana risasi ya mwisho, punguza moja, ili unapoisukuma bastolani iingie bila kulazimishwa.

Je, utajuaje kama tatizo ni magazini? Andika namba kwenye kitako cha kila magazini kwa rangi. Piga kwa namba 1, kisha namba 2. Kukwama kukifuata namba 2 popote inapokwenda, magazini hiyo ndiyo yenye tatizo. Kukwama kukitokea kwa zote, tafuta kwenye bastola: kutu au masizi kwenye mteremko wa chemba, ndoano inayovuta ganda, springi ya slaidi. Nashangaa jinsi watu wanavyobadilisha vipuri vya bei kubwa kabla ya kufanya jaribio hili la bure.

Ikishakuwa magazini, tazama midomo yake ya juu inayoshika risasi. Hiyo ndiyo sehemu inayoweza kuumia kwa kukaa imejaa muda mrefu, hasa zikiwa za plastiki tupu au za bati jembamba: hufunguka taratibu, na risasi inaruka mapema au inakaa kwa pembe mbaya. Linganisha upana wake na magazini mpya. Zilizofunguka hazikunjwi kwa koleo, zinabadilishwa. Halafu fungua kitako. Mara nyingi mle ndani kuna nyuzi za nguo, vumbi na kutu ya unga, na kifuta kikavu kinamaliza kesi.

Ganda la kijani, ganda lenye ufa

Shaba ikigeuka kahawia iliyofifia, hiyo ni rangi ya umri tu. Ikitoa kijani chenye unga au nta nta, kuna asidi na unyevu, na karibu siku zote nikiuliza naambiwa risasi zilikaa kwenye mkanda wa ngozi. Kijani kinachofutika kwa kitambaa kikavu na kuacha uso laini, risasi hiyo ipeleke kwenye mazoezi, usiitegemee. Kikiacha vishimo, itenge.

Ufa mwembamba kwenye shingo ya ganda ni jambo jingine, na chanzo chake kina historia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda ya risasi yanapasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1921: amonia itokayo kwenye mkojo wa wanyama hushambulia shaba ambayo tayari ina mkazo ndani yake tangu ilipokandamizwa kiwandani, na hewa yenye unyevu huimalizia kazi.

Usidhani hilo ni la farasi peke yao. Stoo iliyopakana na banda la kuku ina amonia. Baadhi ya sabuni za kusafishia sakafu na vyoo zina amonia. Dawa nyingi za kung'arishia shaba, zile za kusugulia vitasa na vinara, zina amonia, na nimeona mtu amezing'arisha risasi zake zote kwa ajili ya usafi. Hata baadhi ya dawa za kusafishia mtutu zinayo, hivyo mtutu ukaushwe kabisa kabla risasi haijarudi. Risasi haing'arishwi. Inafutwa kwa kitambaa kikavu, inakaa kwenye boksi lake, mbali na paa la bati na kiti cha gari, kwa sababu joto nalo huiozesha baruti polepole. Zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi, risasi za kiwanda hudumu miongo.

Sefu yenyewe imegoma

Fupi tu: sefu za namba hutumia betri, na betri za kawaida zikikaa huvuja na kuoza vishikio. Badilisha betri kila mwaka hata kama bado zinawaka. Na ule ufunguo wa dharura usikae ndani ya sefu. Nimewahi kuitwa saa tano usiku kwa ajili hiyo.

Risasi kwenye chemba au chemba tupu?

Naulizwa kila mara, nami nina msimamo. Kwa bastola inayolala nyumbani muda mrefu: magazini imejaa, imechomekwa, chemba tupu, ndani ya sefu iliyofungwa ambayo mtoto hawezi kuifikia wala kuijua namba yake. Sababu si springi wala risasi kuzama. Sababu ni kwamba silaha isiyoguswa kwa miezi husahaulika hali yake, na atakayeifungua anaweza kuwa si wewe. Halafu kuna bastola za zamani ambazo hazikuundwa kubeba risasi kwenye chemba kwa usalama. Tokarev TT-33 haina kizuizi cha usalama cha mkono, ina ngazi ya nusu ya nyundo tu. Browning Hi-Power za miaka mingi ya mwanzo hazina kinachoizuia pini bastola ikianguka. Hizo chemba tupu, hakuna mjadala.

Kuhusu ratiba, mimi hutaka mteja aifungue mara moja kwa mwezi, aisome namba ya unyevu, aifute, atazame silika jeli, afunge. Asikoki. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, aivue na kuisafisha. Na mara moja kwa mwaka aende uwanjani apige risasi zile zile zilizokuwa zimekaa, kwa magazini ile ile iliyokuwa imejaa, bila kuisafisha kwanza. Hilo ndilo jaribio la kweli la hifadhi yako, kwa sababu siku ya shida hakuna atakayekupa nafasi ya kupaka mafuta. Zikilia zote, weka mpya, endelea vivyo hivyo.

Ile CZ ilipona. Chemba yake haikuwa na vishimo, slaidi imebaki na kivuli cha kidole gumba ambacho hakitatoka. Risasi fupi aliikabidhi kwa muuzaji, pamoja na nyingine mbili za kijani. Sefu aliihamisha kutoka ukuta wa bafu kwenda ukuta wa ndani wa chumba, akaiinua juu ya ubao. Masika iliyofuata alinipigia simu, nikadhani kuna tatizo. Alitaka tu kunisomea namba ya kipimo: 46.